Mguu wa Fiacre

La Rochelle, Johannesburg
11 Machi 2012

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Habari za Uvira, na habari za kifua chako? Mara ya mwisho uliandika kwamba kikohozi kimepungua. Naomba uniambie kama ni kweli au ulitaka tu nitulie. Mimi na mdogo wangu hatujambo. Barua hii anaibeba Mama Agnès, aliyekuja Fordsburg kununua nguo za kuuza huko nyumbani. Jibu lako mpe yeye.

Nina habari za Fiacre. Usishtuke, ni nzuri. Kila Jumamosi anakwenda kwenye uwanja wa shule moja huku kusini, ambako kocha mmoja, dada Kelly, anafundisha vijana wenye ulemavu wa akili kama yeye. Mchezo wenyewe ni mbio za viatu vya theluji. Viatu hivyo ni fremu pana zinazofungwa kwa mikanda chini ya raba ili mtu asizame. Theluji hatuna, kwa hiyo wamemwaga mchanga mita mia moja, na vijana wanakimbia juu yake wakiinua magoti kama bata. Siku ya kwanza Fiacre alijikanyaga akaanguka. Siku ya pili alinikataza kumfunga mikanda. "Mimi, dada," akasema. "Wewe kaa."

Kwa kuwa kazi yangu ni ukalimani, kocha amenipa kitabu cha kanuni niwasomee wanaojua Kiswahili. Wewe uliyepuliza filimbi ya mpira miaka ishirini na sita utakipenda. Kiatu kikichomoka, mkimbiaji anakivaa mwenyewe. Mtu akimsaidia, anaondolewa. Asubuhi kuna majaribio, na kila mmoja anapangwa kundi la wenye kasi kama yake. Mchana ni fainali. Ukipunguza muda wako wa asubuhi kwa zaidi ya asilimia kumi na tano, unaondolewa, maana asubuhi hukujituma kwa kweli. Majina ya washindi wa makundi yote yanatiwa kofiani, na sita watakaochomolewa kwa bahati nasibu watapelekwa milimani mwezi wa Julai, kwenye theluji yenyewe. Fiacre haongei kitu kingine. Akiosha vyombo anauliza kama theluji inaosha.

Kanuni hiyo ya asilimia unaionaje?

Binti yako,
Murielle


Uvira
9 Aprili 2012

Binti yangu Murielle,

Salamu nyingi kwako na kwa mdogo wako. Kifua bado kinakohoa, sasa umejua. Wengine wote ni wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti mbele ya jirani yetu Gustave. Alidhani ninatunga. "Theluji ya mchanga?" akasema. "Mzee, jua la uwanjani limeanza kukudai akili."

Kanuni hiyo ni nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Mimi nilimwadhibu mchezaji kwa alichofanya mbele ya macho yangu. Hao wanamwadhibu kwa alichoficha.

Nikuambie jambo. Mtoto huyu sikumpeleka uwanjani hata siku moja. Nilisema jua ni kali. Ukweli ni kwamba watu wangecheka, na mtu wa filimbi akichekwa, mchezo unamshinda. Ulikuwa mdogo, lakini najua uliona.

Mashindano yakiisha niandikie matokeo. Nimewaambia watu wengi kuliko nilivyopaswa.

Baba yako


La Rochelle
20 Mei 2012

Baba mpendwa,

Natumaini hamjambo. Sisi tuko.

Mashindano yalikuwa jana. Fiacre hakupata nafasi. Asubuhi mguu ulimuuma, akaenda polepole. Mchana ukaacha kuuma, akakimbia sana, wakamwondoa kwa ile kanuni. Usimlaumu mwamuzi, alikuwa mtu wa haki.

Kazi ofisini Marshalltown ni nyingi na Mama Agnès anaondoka leo. Nitaandika zaidi.

Binti yako,
Murielle


Uvira
17 Juni 2012

Binti yangu,

Salamu. Barua yako ilikuwa fupi, nikaigeuza kutafuta upande wa pili.

Mguu upi? Ni goti au ni kifundo? Nimempa Mama Agnès chupa ya mafuta ya kukanda. Mkande asubuhi na jioni, na usimruhusu kupanda ngazi.

Gustave anasema mtoto wangu ameonewa. Nimemjibu kwamba mwamuzi akishaamua, ameamua. Hata hivyo nimemwandikia huyo mwamuzi kwa Kifaransa, mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. Siombi abadilishe kitu. Nimetaka tu ajue kwamba mtoto huyu hajui kudanganya, wala hakuna aliyemfundisha. Itafsiri, umpelekee.

Unijibu: mguu upi?

Baba yako


La Rochelle
29 Julai 2012

Baba,

Nakusalimu. Najua nimechelewa. Mama Agnès alipita hapa mwanzoni mwa mwezi, nikamwambia sina barua. Ilikuwepo, lakini haikuwa ya kweli, nikaichana.

Fiacre hakuumwa na mguu wowote.

Mazoezini alikuwa akikimbia vizuri. Mimi nilitazama wale wengine, warefu, wenye miaka mitatu kwenye mchezo, nikamwona tayari yuko wa mwisho, na watu wanapiga makofi yale ya huruma. Sikuweza kuyavumilia makofi hayo. Nikapiga hesabu. Akitumia sekunde hamsini asubuhi, atapangwa kundi la chini. Mchana akitumia arobaini na tatu, atashinda na hatavunja kanuni. Nilimwambia asubuhi atembee kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani, na mchana akimbie kidogo. "Sharp, dada," akasema, kama vijana wa huku wanavyosema sawa. Hakuuliza kwa nini. Hajawahi kuniuliza kwa nini.

Asubuhi alitumia hamsini na moja. Lakini Fiacre hana kidogo, Baba. Ana polepole na ana mbio. Mchana watu walipoita jina lake alikimbia kwa sekunde thelathini na nne. Mshindi wa kundi la juu kabisa alitumia thelathini na sita. Ungemwona. Hakuna aliyekuwa karibu naye.

Mwamuzi alimwita pembeni, akaniita mimi nitafsiri. Aliuliza kwa upole, "Mbona asubuhi ulikwenda polepole?" Fiacre akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti safi, "Dada aliniambia." Mwamuzi akanitazama, akisubiri.

Nikasema, "Anasema mguu ulimuuma."

Kazini nimeapa. Watu wanaoomba hifadhi wanaweka maisha yao mdomoni mwangu, na kwa miaka minne sijawahi kubadilisha hata neno moja, hata la mtu niliyejua anadanganya. Nilibadilisha la mdogo wangu, lililokuwa kweli.

Sijamaliza. Kiingereza anasikia kidogo kidogo, na neno la mguu alilielewa. Tulipotoka uwanjani alianza kuchechemea. Nilidhani anatania. Kesho yake alichechemea. Nikamwambia, "Fiacre, acha, mguu wako ni mzima." Akanijibu, "Ulisema unauma." Kwake mimi sisemi uongo, kwa hiyo mguu lazima uume. Nyumbani anachechemea wa kushoto na dukani kwa Victorine, yule mshonaji anayemsaidia kukunja vitambaa, anachechemea wa kulia, kwa sababu sikusema ni upi. Juzi Victorine aliniuliza mbele ya wateja, "Eish, Murielle, mdogo wako anakodisha miguu? Jana ulikuwa ule mwingine." Wote wakacheka. Nikacheka nao.

Ndiyo maana sikuweza kukujibu mguu upi.

Mazoezini haendi tena. Anasema wenye mguu mbovu hawakimbii. Wale sita walikwenda milimani wiki mbili zilizopita. Barua yako kwa mwamuzi sijaitafsiri.

Sikuombi unisamehe. Niambie la kufanya.

Murielle


Uvira
30 Septemba 2012

Murielle, barua hii si yako. Msomee mwenyewe, yote.

Fiacre mwanangu,

Ni mimi baba yako. Sijawahi kukuandikia. Nilikuwa nasema ni kwa sababu husomi. Haikuwa sababu. Dada yako anasoma, na masikio unayo.

Nilikuwa mwamuzi wa mpira. Mwamuzi husema mambo kama yalivyo, kisha yanaisha. Sikiliza sasa nikuamulie.

Mguu wako wa kushoto ni mzima. Mguu wako wa kulia ni mzima.

Siku ile wewe hukukosa. Dada yako alikosa. Alikuambia uende polepole, kisha akamwambia mwamuzi uongo. Wewe ulisema kweli. Ni yeye aliyeibadilisha.

Unaweza kumkasirikia dada yako na bado akabaki dada yako. Mimi nimemkasirikia, na bado ni binti yangu.

Nendeni wote wawili kwa mwamuzi wa huko. Umwambie wewe.

Nimesikia sekunde thelathini na nne. Nimemwambia Gustave.

Baba yako


La Rochelle
21 Oktoba 2012

Baba,

Pokea salamu zetu. Kifua chako hukukitaja safari hii, nami sikuwa na haki ya kuuliza, lakini nauliza.

Nianze na matokeo, maana wewe ni mtu wa matokeo. Ya mwezi wa Mei hayabadiliki. Mwakani Fiacre ataanza na majaribio kama wengine. Mimi siruhusiwi tena kuingia ndani ya kamba, na kitabu cha kanuni nimekirudisha. Barua yako ya Kifaransa iko humu ndani, sikustahili kuipeleka.

Barua ya Fiacre nilimsomea jikoni. Nilipofika "Dada yako alikosa" nilisoma "Tulikosa." Sijui kwa nini, baada ya yote. Fiacre alikuwa ananitazama mdomo. "Rudia," akasema. Nikarudia kama ulivyoandika. Maji ya ugali yalipochemka akazima jiko.

"Baba amenikasirikia?"

"Hapana."

"Amekukasirikia wewe?"

"Ndiyo."

"Sharp," akasema, akanyanyuka kutafuta raba zake.

Jumamosi tulimkuta mwamuzi uwanjani pamoja na kocha Kelly. Nilianza kueleza mwenyewe kwa Kiingereza changu kizuri, na nikajisikia nachagua maneno ya kunipendelea. Fiacre akanivuta mkono. "Mimi," akasema.

Mwamuzi akamwuliza kama angependa mtu mwingine amtafsirie. Mlinzi wa lango, Joël, ni wa kwetu na alikuwa amesimama pale. Swali hilo nilimtafsiria Fiacre neno kwa neno. Fiacre alimtazama Joël, akanitazama mimi, akamtazama tena Joël. Nilitamani amchague Joël.

"Huyu," akasema, akinielekezea kidole. "Lakini aseme yote."

Nikalitafsiri na hilo.

Sisi wakalimani, Baba, hatusemi "yeye anasema". Tunasema "mimi", kana kwamba maneno ni yetu. Basi nilisimama mbele ya wale watu, Fiacre ananitazama mdomo, nikasema kwa sauti:

"Dada yangu alisema uongo. Mguu wangu haukuuma. Alisema niende polepole kwa sababu alifikiri nitakuwa wa mwisho. Mimi si wa mwisho. Nataka kukimbia."

Binti yako,
Murielle