Nataka Baba Mkwe Alisikie Gari Langu Likija

Mpendwa Shangazi Nadhira,

Pokea salamu kutoka Kinoru, Meru, kwa mtu ambaye mikono yake ina simenti hata siku ya Jumapili. Nisaidie upesi kwa sababu wauzaji wawili wananibana, na kila mmoja anadai kuna mteja mwingine anakuja kesho. Naitwa Mugendi, kwetu ni Embu, shule niliiachia darasa la sita, kwa hivyo nikikosea maneno nivumilie.

Shangazi, nimeshinda. Nimebeba mawe na kuchanganya zege huku ugenini tangu nikiwa kijana asiye na ndevu, mgongo unauma mpaka nalala kifudifudi, lakini mwaka huu tajiri amenifanya nyapara wa mjengo wote, na sasa mimi, niliyekuwa natembea kwenda kazini kabla jogoo hajawika, naenda kununua gari. Gari! Hata kulitamka tu nacheka peke yangu.

Shida ni gari lipi. La kwanza ni Subaru Impreza nyekundu ya Gedion, kijana wa ofisini anayependa mbio. Amelishusha mpaka tumbo linakaribia lami, akabadilisha na bomba la moshi, na likiwashwa Kinoru nzima inageuka. Leseni ninayo, nilijifunza kwa lori la mchanga, kwa hivyo nililiendesha hadi uwanjani na kurudi, likakwaruza kila tuta, lakini watoto walinipungia mkono na wanaume wa mjengo wakapiga mbinja wakisema, "Nyapara, hilo ndilo gari la mwanaume! Lile la Kasim ni la kupeleka kabeji sokoni." Hilo la Kasim muuza nyama ndilo la pili, Mazda Axela ya kijivu, nalo ni jepesi na lina mbio, ukikanyaga mafuta linakusukuma kwenye kiti, ila linafanya hayo kimya kimya, na Kasim mwenyewe hana maneno mengi, alinipa funguo akasema, "Liendeshe, ndugu yangu, halafu wewe ndiye uniambie."

Sasa sikia kinachonikosesha usingizi. Nilipokwenda kumwomba Ruguru kwa baba yake, Mzee Ndambiri, huko nyumbani Embu, nilifika nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na mzee akanitazama viatu, akasema mbele ya watu, "Umekuja kwa mguu, kijana, na utarudi kwa mguu. Binti yangu hatembei." Watu wakacheka. Ruguru akanipenda hivyo hivyo, nikalipa mahari kidogo tukaanza maisha, lakini sasa ana mimba kubwa na amerudi kwao, maana mama yake amesema mtoto hatazaliwa mahari ikiwa nusu. Basi nusu iliyobaki ninayo, mbuzi wako tayari, na mwezi ujao naenda kumaliza na kumchukua mke wangu aje tukae naye huku Kinoru, niwe nampeleka kliniki, nikirudi niende kazini kwa gari kama watu.

Nataka mzee alisikie gari langu likiwa bado ng'ambo ya bonde. Nataka atoke nje aulize ni nani. Lakini baba mdogo Munyi, ambaye ndiye atakayenisemea kule, amekataa kabisa, anasema, "Usiniletee ujinga, Mugendi. Magari yote yanaachwa sokoni chini ya kilima, tupande kwa miguu. Mkwe akiona gari, mbuzi huzaa usiku huohuo." Naye Ruguru nilipomtumia picha ya lile jekundu alinipigia akicheka mpaka akakohoa, akaniuliza, "Wewe Mugendi, na tumbo hili naingiaje humo? Mtaniteremsha kwa kamba kama jiwe la mjengo?" Lakini wanawake hawaelewi magari.

Shangazi, niambie nichukue lile jekundu, roho yangu itulie.

Mugendi, Kinoru

*

Mugendi mwanangu,

Hongera, na uipokee kwa mikono yote miwili. Mtu aliyeanza kwa kubeba mawe akafika kuwa nyapara hahitaji bomba la moshi limtangazie. Lakini umeniomba ushauri, kisha ukaniandikia na jibu unalolitaka. Hulipati.

Eti wanawake hawaelewi magari! Katika barua yako yote, Ruguru ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana: naingiaje? Gedion hakuliuliza. Wale wapiga mbinja hawakuliuliza. Wewe ukalificha karibu na mwisho, kama mtu anayeficha nyama chini ya ugali.

Barabara ya Embu na Meru naijua, kila soko lina matuta yake. Gari lililoshushwa litagonga kila tuta, na kila tuta litamfika mkeo mgongoni. Na kule mjengoni, penye kokoto na misumari, utapita nalo wapi kila asubuhi? Sisemi Impreza ni gari baya. Lingekuwa lilivyotoka kiwandani, tungezungumza. Lakini wewe hapo hununui Subaru, unanunua mikono ya Gedion.

Chukua la kijivu. Ulikanyaga mafuta likakusukuma kwenye kiti, unataka likurushe wapi tena? Ila usilinunue kwa upole wa Kasim. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, uliwashe mwenyewe, uutazame moshi. Mtafute fundi asiyemjua Kasim wala wewe, aliinue na kuchungulia chini kama limewahi kugongwa likaungwa. Na hakikisha umiliki unahamia kwenye jina lako, hata muuzaji akikuapia mpaka akalia.

Sasa mzee. Mimi ni Mwislamu wa hapa mtaa wa Majimbo, Embu, na mahari yetu ina taratibu zake, lakini nimealikwa kwenye sherehe zenu za kutosha kujua kwamba baba mdogo Munyi ametuzidi akili sote wawili. Kuacha gari sokoni si uongo. Ndambiri mwenyewe alipokwenda kuoa hakuswaga ng'ombe wake wote wamfuate. Ukifika na mngurumo utakuwa umemwambia mambo mawili: kwamba mfuko umejaa, na kwamba neno lake bado linakuchoma. La kwanza atalitoza mbuzi. La pili atalifurahia bure.

Kwa hivyo liache sokoni. Panda kile kilima kwa miguu, vumbi likupate mpaka kwenye nyusi kama siku ile. Keti, nyamaza, mwache Munyi aseme. Mbuzi wakishapokewa, wazee wakishakunywa na neno la mwisho likishafungwa, aga kwa heshima, shuka sokoni, urudi na gari polepole mpaka langoni. Hakuna atakayelisikia. Watageuka tu na kulikuta limesimama. Teremka, mfungulie Ruguru mlango, sogeza kiti nyuma, akae vizuri na tumbo lake.

Na mzee akikutazama viatu tena, mwambie kwa adabu: "Baba, ulisema binti yako hatembei. Nilisikia."

Shangazi Nadhira