Moto Ulioanzia Chini ya Meza ya Pasi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ampea. La kwenye cheti analijua mama yangu tu.
Umri: Miaka 19
Kazi: Fundi umeme
Makazi: Chumba cha nyuma ya duka la kushonea la mjomba wangu

Mimi ndiye fundi umeme hatari kuliko wote mjini hapa. Nikishika waya, umeme wenyewe unaomba ruhusa kupita. Afande anatabasamu, lakini aandike hivyo hivyo. Shule niliiacha kidato cha pili, mwalimu wa fizikia alipochoka kusahihishwa.

Mnamo Jumanne iliyopita, asubuhi, mjomba aliniita dukani. Mkewe hushona, yeye hupiga pasi. Soketi ya karibu na meza yake ilikuwa imekufa, na sare za shule zilitakiwa kesho yake. Nikamletea ekstensheni yangu mpya, ile ya waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu. Nikaichomeka kwenye soketi ya mlangoni, gurudumu nikalisukumia chini ya meza, kando ya gunia la vipande vya vitambaa.

Hesabu nilipiga kwanza, mimi si kanjanja. Mjomba hutumia pasi mbili kwa zamu, zote zimechomekwa. Kila moja wati 1,200, jumla 2,400. Volti ndiyo msukumo, na pale ni 240. Gawanya wati kwa volti, unapata mkondo wa ampea kumi. Waya wangu unabeba kumi na tatu. Hesabu hiyo afande ampelekee mwalimu yeyote.

Baadaye mjomba akalalamika, "Mpwa wangu, pasi leo zinachelewa kupata moto."

Nikamjibu, "Kila waya una ukinzani, mjomba, kama ubishi wako kwa mkeo. Volti nyingine zinaishia njiani."

Mke wa mjomba alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Sijamsikia akicheka tena.

Saa tisa alasiri nilikuwa nje kwenye benchi langu natengeneza feni. Nikaona moshi unatoka chini ya meza. Chini, afande. Juu hakukuwa na kitu kinachoungua, na pasi zote mbili zilikuwa zimesimama kwenye kibati cha kuwekea pasi. Nikakimbilia swichi kuu, nikazima. Gunia lilikuwa limeshashika moto. Mke wa mjomba alirudi ndani kuokoa cherehani. Cherehani ilitoka nzima. Vidole vyake, daktari amesema, havitashika sindano tena.

Mjomba yuko mahabusu ya kituo hiki kwa kosa la kusahau pasi juu ya nguo. Naambiwa amekiri. Hakusahau pasi. Macho yangu yaliona.

Kuna hesabu ya pili, nimeipiga jana kwenye korido ya hospitali. Waya wote ule una ukinzani wa kama ohm moja. Ampea kumi mara ampea kumi, mara ohm moja, ni wati mia. Hizo hazifiki kwenye pasi, zinageuka joto ndani ya waya. Ukiukunjua wote joto linatawanyika, unaushika na husikii kitu. Ukiuacha umezungushwa, ni sawa na kuwasha balbu kubwa ya zamani na kuifunika matambara tangu asubuhi.

Mjomba aliniuliza asubuhi ile, mbele ya mkewe na wateja, "Huu waya haukunjuliwi wote?"

Nikamcheka. Nikasema, "Mjomba, umeme hauchoki kwa kona." Wateja wakacheka, naye akawasha pasi.

Sikuwa najua jibu. Sikutaka waone kwamba sijui.

Nimesomewa yote, ni maneno ya kinywa changu, hasa yale ya mwisho.

Sahihi: Ampea

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu. Nilimsomea mtuhumiwa, mjomba wake, sehemu inayomhusu. Alisema: "Afande, huyo mtoto ana majigambo tangu tumboni. Msimsikilize. Ni pasi yangu."