Mlango wa Kujaribia Rangi

Jumatatu, 3 Machi

Siku nzima nyuso. Masikio yaonekane, mdomo ufungwe, usicheke, tazama hapa. Picha za pasipoti tu, studio yetu haina jingine siku hizi. Mteja mmoja kaikataa yake, anadai pua si yake. Nikamwambia kaja nayo.

Nimerudi nyumbani kichwa kizito. Kamera nimeiwekea betri mpya, nikataka kuijaribu kabla ya kuingia ndani. Nikaielekeza kwenye mlango wa gereji ya baba – karibu mno, sijui kwa nini. Ule mlango wa bati aliokuwa akiujaribia rangi miaka yote ya ufundi wake. Kabla hajapuliza gari la mtu, anapuliza kidogo pale, aone kama rangi imekolea, kama bomba la kupulizia linatema sawasawa. Rangi juu ya rangi juu ya rangi. Sasa zimepasuka, zinabanduka, kutu inachungulia. Nimepita mbele yake tangu naota meno. Leo ndiyo nimeuangalia.

Kwenye kamera hakuna mlango. Kuna… nini? Bluu inakatika ghafla, chini yake njano, halafu mstari wa kutu unateremka wenyewe. Nzuri. Nzuri kwa lipi? Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeongeza. Mfuniko wa tangi. Ubao wa kukatia mboga. Kitako cha sufuria kilichoungua. Mama akauliza kama wateja wamekwisha mpaka sufuria nazo zinahitaji pasipoti. Kisha akaichukua, akaisugua vizuri kwa steelwaya, akairudisha inameta. Eti ya mgeni wa heshima! Nikamshukuru, nifanyeje? Yale masizi ndiyo yalikuwa picha.

Narudi kwenye mlango kila mara. Asubuhi kitu kimoja, jioni kingine. Kuna pembe nikisimama naona uwanja mkubwa uliokauka, unaweza kutembea humo. Nikisogea hatua, bati bovu. Sasa uzuri uko pale, au ninao mimi nauleta? Au nimechoka na nyuso za watu, basi? Sijui nishike lipi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kaja mama mmoja mwenye ukumbi wa maonyesho, anataka pasipoti kama wengine. Nikafungua kompyuta kumwonyesha uso wake, kwa kukosea nikafungua picha ya mlango wa baba. Kasogeza kiti. Akauliza hii ni nini, halafu mwenyewe akanizuia, nisimwambie. Akaziomba zote. Akazipitia polepole, uso wake mwenyewe kausahau kabisa.

Mwishoni nikamwambia. Akasema Jumamosi ya wiki ijayo atakuja na wenzake wauone mlango wenyewe. Wakiridhika, picha zitatundikwa, kubwa kama kitanda.

Mimi! Nimetembea mpaka nyumbani sikumbuki njia.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwonyesha baba. Kavaa miwani, kageuza picha huku na huku, akauliza ni wapi. Nikasema ni mlango wako.

Akaivua miwani.

Akasema magari yote aliyoyang'arisha, mtu anasimama pembeni anachana nywele humo, mimi sikulipiga picha hata moja. Nimekwenda kupiga pale alipokuwa anapangusia bomba.

"Lakini ni nzuri, baba."

"Nzuri kwa nani?"

Kweli, kwa nani? Kifua ndicho kilichomwachisha kazi, hajagusa bomba tangu hapo, na magari yake yameshauzwa, yameshapakwa upya na wengine. Kilichobaki ni huo mlango. Na yeye anauona uchafu. Naona aibu mpaka usiku huu, na aibu yenyewe sijui ya nini.

Jumanne, 11 Machi

Baba kanuna. Anapita mlangoni kama hauoni.

Mama anasema baba yangu anadhani namwanika. Wageni watakuja, watauliza hivi huyu alikuwa fundi gani. Nikasema basi naahirisha. Mama akasema nisithubutu, akijua nimeacha kwa ajili yake ndiyo itakuwa balaa.

Nikiendelea namuumiza. Nikiacha namuumiza. Na picha nimezitazama tena leo, sijaona chochote. Madoa.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi baba anacheka. Kaniita "mama" kama zamani. Akauliza wageni wanafika lini hasa, na wakija watasimama mbali au karibu. Nikasema karibu, tena karibu sana, watu wa namna hiyo wanaweka pua kabisa. Akatikisa kichwa, akasema vizuri. Akaomba ufunguo wa stoo.

Sijaelewa kimemgeuza nini. Sitauliza. Nina furaha, nalala.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nimekalia ndoo, mbele ya mlango. Mikono imelowa.

Nimetoka kazini mapema. Kutoka njiani nikasikia khrr, khrr, sauti ya utoto wangu. Baba, barakoa usoni, mpira wa maji chini, anapiga msasa mlango. Pamekwisha sehemu pana kama sinia. Palepale pa picha ya kwanza – bluu yangu, njano yangu, ule mstari wa kutu. Hakuna.

"Kesho hawakuti uchafu," akasema. "Waje na pua zao. Watajiona humu mpaka kope."

Kwa ajili yangu! Na anakohoa. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumkumbatia, nikasimama tu kama gogo.

Kisha akamwagia maji, akapangusa kwa kiganja. Tukaona wote wawili. Rangi zimetoka duara ndani ya duara, nyembamba kama uzi. Kijani, nyeupe, nyekundu, kijivu, nyingine hata sijui jina lake. Sijawahi kupiga kitu kama hiki.

Baba akaweka kidole. Hii pikapu ya daktari. Hii gari la kubebea maiti, walitaka zambarau, aliwakatalia, wakarudi. Hii nyeupe ni teksi iliyonileta mimi kutoka hospitali, mwenyewe alilipenda sana lile gari. Akaendelea kuelekea katikati, sauti inashuka, mpaka akafika kwenye bati.

Nikapiga picha moja. Hakunikataza.

"Nilifikiri vyote vimekwisha," akasema. Sijui aliniambia mimi.

Msasa wake umelika. Kaenda stoo kuchukua mwingine, akaniambia nishike mpira, asipoteze muda, jioni inaingia. Stoo ina wa aina mbili. Ule mkali wa kung'oa mpaka bati, apulize nyeusi moja safi, wageni wajione kope. Na ule laini wa kung'arishia, ambao ungeziacha duara mahali pake. Sikumuuliza anafuata upi. Ningemwambia nini? Kwamba kazi yake nzuri kuliko zote ni pale alipokuwa akipangusia bomba?

Amekaa sana huko. Amekohoa mara moja, sasa kimya.

Kandambili hizo. Anakuja. Ana msasa mkononi, umenigeuzia mgongo, sioni ni upi. Ananiambia nifungue maji.