Kiapo cha Birago

Jumapili, 6 Machi 2011
Serikali haikunizuia. Naanza na hilo, mkono ungali unashika kalamu. Miaka yote nimeuambia ukoo kwamba wizara ilininyima ruhusa ya kuja kumzika mama. Uongo. Sikuomba ruhusa.
Redio inatangaza gwaride la uhuru kutoka Accra. Zamani siku hii nilisimama mlangoni pa ubalozi wetu, Roma, nimevaa kente, vazi letu la sherehe, nikipokea wageni mpaka vidole vinakufa ganzi. Leo hata kufikisha kijiko mdomoni kunanishinda. Mdogo wangu wa kike, Birago, ananilisha uji. "Fungua mdomo, Mheshimiwa Balozi! Au tungoje kwanza wapige wimbo wa taifa?"
Nilicheka. Kisha nikalia. Akadhani ni maumivu.

Jumatano, 9 Machi
Daktari amezungumza na Birago sebuleni, sauti chini. Hakuna haja ya kuniambia.
Birago akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa ukoo, Mzee Agyekum, kuniombea nafasi ya kuzikwa kando ya mama. Amerudi amefura. Wapo wasiotaka. Wanasema nilimwacha mama kwenye barafu.
Ni kweli. Kwetu Mampong mzazi hazikwi kabla mtoto wake wa kwanza hajafika, hata akiwa ng'ambo. Walimweka mochwari wakaningoja, wiki baada ya wiki. Kila nilipopiga simu — bado, serikali imekataa. Mwisho wakamzika bila mimi. Birago ndiye aliyemwosha.
"Nimewauliza," anasema, "askari walikuwa wamepindua nchi, dada yangu angefanyaje? Wakanikodolea macho tu, wazee wale, kama mbuzi sokoni!"


Ijumaa, 11 Machi
Wazee wanakuja kesho. Mzee Agyekum amesema anayenitetea na aape. Birago amekubali! Ataapa kwa kaburi la mama kwamba serikali ilinikataza. Kiapo hicho hakichezewi hapa. Aliyeapa uongo, kifo humfuata yeye na watoto wake — ndivyo wote wanavyoamini, na Birago zaidi ya wote. Mimi siamini. Nimesoma, nimeishi Ulaya. Mbona basi sitaki aape?
Nilimwambia asiape.
"Kwa nini nisiape? Simu zako nilipokea mimi, dada. Nilikusikia ukilia!"
Nililia, ndiyo. Hilo si uongo.
Askari walikuwa wanawaita mabalozi nyumbani mmoja mmoja. Wengi hawakurudi vituoni. Mimi nilikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kituo kile, na wapo waliokuwa wakingoja niteleze. Nikajiambia: mama amekwisha kufa, kazi bado i hai. Niliweza kufikiri hivyo! Kuhusu mama yangu!

Jumamosi, 12 Machi
Wameketi uani. Nasikia viti vikivutwa. Sauti yangu imekauka tangu jana, imebaki pumzi. Nimegonga kikombe kwa kijiko.
"Nakuja, Mheshimiwa! Ngoja niwaapie hawa kwanza!" Wazee wanacheka.
Nimegonga tena. Kikombe kimeanguka, kimevunjika. Ameingia mbio. Anauliza ni maji? Ni choo? Nimemwandikia hapa:
Usiape. Serikali haikunikataza. Sikuomba.
Amesoma. Amesoma tena. Ameketi kitandani, mzito. Huko nje Mzee Agyekum anakohoa, anamwita.
"Uliogopa," anasema mwishowe. Ananifuta uso kwa upindo wa kitambaa chake cheusi. "Basi. Uliogopa, na ulikuwa peke yako. Roma si Kumasi, mtu hapandi gari tu akaja. Hiyo ya serikali naiacha. Nitawaapia kwamba ulikuwa mbali. Hilo hata mama analijua."
Amesimama. Nimemshika kitambaa. Hakivutiki, mkono hauna nguvu, lakini amegeuka. Anangoja niandike.
Sikuwa mbali. Askari waliniita na mimi. Wakanihoji, wakaridhika, wakaniambia kesho rudi kituoni, na mimi nikashukuru. Mama alikuwa bado kwenye barafu. Mampong ilikuwa nusu siku kwa gari.
Birago, nilikuwa Accra.