Mama Mwenye Nyumba wa Bulyaga

Mama,

Nina hasira, na wewe ndiye pekee uliyekuwa ukinisikiliza nikiwa na hasira bila kuniambia nitulie. Watu wanasema marehemu aachwe apumzike. Wenyewe wamekusumbua tangu ulipolala hapo, kwa hiyo acha na mimi nichukue zamu yangu.

Kwanza habari njema. Vyumba vyako vimekwisha. Ulituachia kuta zilizofika usawa wa madirisha, nami nikachukua mkopo kwa mshahara wangu wa uuguzi, nikazimalizia, nikaezeka, nikapiga lipu, nikavuta maji na umeme. Ni vyumba vitatu kwa mstari, milango yote inaangalia migomba, na chini ya migomba upo wewe. Ulisema mwenyewe, "Mnizike Bulyaga, kwenye kiwanja changu. Masukulu unakofanyia kazi ni kwa watu."

Unakumbuka kile chumba tulichopanga karibu na soko? Mwenye nyumba yule alikuwa anafunga bomba kwa kufuli akienda kanisani, na wewe unarudi kutoka kuchuma chai, mikono imekuwa myeusi, huna hata maji ya kunawa. Akikuta umeanika nguo kwenye kamba yake, anaziangusha chini. Hukumjibu hata siku moja. Ulikuwa unaingia ndani, unafunga mlango, unaniambia kwa sauti ya chini, "Iko siku na mimi nitaitwa mama mwenye nyumba." Hukuitwa, Mama. Ulikufa ukiwa mpangaji, na hilo linaniuma kuliko yote.

Sasa sikia walichonifanyia. Rangi haijakauka vizuri, baba mdogo akaja kutoka Kisiba na wazee wa ukoo, akaketi barazani kwako kama vile ndiye aliyebeba matofali, akasema, "Mwanangu, penye kaburi la ukoo hapalali mgeni. Ambakisye atakaa hapa, alinde." Ambakisye ni mwanawe, na kazi aliyowahi kuifanya kwa bidii maishani mwake ni kulala. Nilitaka kusema kitu. Nikaona wale wazee wanatikisa vichwa kukubali, nikameza. Mlinzi akahamia. Chumba cha kwanza akalala yeye, cha pili akalaza pikipiki yake. Cha tatu alikiacha wazi, nadhani kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kulaza. Mimi kule zahanati ya Masukulu nakatwa mkopo kila mwisho wa mwezi, yeye hapa anakula usingizi ndani ya jasho lako.

Nikapiga moyo konde. Hicho cha tatu, nikasema, kitapangishwa, hata ukoo wote uje ukae mlangoni. Nikampa dalali funguo. Ni kijana aliyetoka Mbeya mjini juzijuzi, maneno mengi, kila mtu kwake ni bosi. Akaniambia amepata mwalimu wa kike aliyehamishiwa hapa kutoka Singida, Jumamosi asubuhi atakuja kukiona. "Ila bosi, lile kaburi litatuharibia. Mteja akiliona anakula kona. Niachie mimi."

Nikamwachia. Ndivyo anavyofanya mtu ambaye hajawahi kupangisha hata banda la kuku.

Unajua alichofanya? Alikwenda kuazima turubai ili akufunike. Na kati ya maturubai yote ya hapa Tukuyu akaazima lile la mtaa, la bluu, lenye kiraka cha gunia katikati. Lile la misiba, lililofungwa siku ya kukuzika. Akalifunga kwa miti ya migomba, akalishusha mpaka chini, akaridhika, akaenda stendi kumpokea mteja.

Wewe unajua maana ya turubai lile kuonekana kwenye uwanja wa mtu. Yeye hakujua. Majirani waliliona kutoka barabarani, hawakuuliza swali. Wakageuka majumbani kwao kuchukua ndizi na kuni. Nilipofika kutoka Masukulu nilikuta jiko la mafiga limeshawashwa, wanaume wamekaa kwenye mabenchi, na kina mama wamejaa mbele ya mlango wa Ambakisye wanalia kwa kuita jina lake. Hakuna aliyekuwa amemwona asubuhi hiyo, mlango umefungwa kwa ndani, na humo anakaa yeye peke yake. Nani mwingine angekuwa amekufa?

Baba mdogo alipigiwa simu. Alifika analia, kofia mkononi, anaita "mwanangu, mwanangu". Na hapo mlango ukafunguliwa. Ambakisye akatoka na kaptura, mswaki mdomoni, akatutazama sote, akauliza, "Kwani kafa nani?"

Ningecheka, Mama. Wewe ungecheka mpaka ushike ubavu. Lakini nilikuwa nimemwona mwalimu amesimama pembeni na mkoba wake, dalali nyuma yake anafuta jasho, na nilikuwa nawaka.

Aliyeanza kusema ni Bibi Sekela, yule jirani aliyekuwa akikuletea maziwa. Alimtazama Ambakisye kutoka miguuni hadi kichwani. "Na wewe unafanya nini humu mchana wote?" Akajibu analinda kaburi. "Kabuli lenyewe liko wapi, baba?"

Wakalivuta turubai. Mama, nisamehe kwa kukuambia haya, ila ulikuwa huonekani. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni, msalaba umelala, na kuku wa mtu ametagia kichwani kwako. Hatua chache tu kutoka kitanda cha mlinzi. Wale kina mama waliokuja kumlilia yeye wakainama wakaanza kung'oa kwa mikono, na khanga zao za msibani. Baba mdogo alisimama akiitazama kofia yake. Halafu na yeye akainama, akang'oa. Alipomaliza upande wake alisimama wima, akamwambia mwanawe, bila kupaza sauti, "Kakusanye vitu vyako."

Kwangu hakusema lolote, hata pole. Nami sikumsemesha. Ataniona tena nikipoa, na sijui ni lini.

Nilikwenda kwa mwalimu nimwombe radhi kwa kumpotezea muda. Akaniambia hivi: "Nilikopanga mara ya mwisho niliumwa wiki nzima, hakuna aliyegonga mlango. Hapa wamekuja na ndizi hata kabla mtu hajafa. Nakichukua." Ndizi zenyewe tulizila wote pale uwanjani, zilikuwa zimeshaiva jikoni. Dalali naye alikula, tena sana. Udalali wake nilimpa pamoja na maneno ambayo sitayaandika kwa kuwa wewe ni mama yangu.

Leo nimekuja kusimamisha msalaba wako upya. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachanganya saruji, mwalimu akatoka kwenda shuleni, hakuniona. Akapita kando ya migomba, akapunguza mwendo, akasema, "Umeamkaje, mama mwenye nyumba."

Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anakutazama wewe.

Hasira ilinipanda, nakiri. Mkopo nalipa mimi, ukoo umeninunia mimi, salamu unapewa wewe. Kisha nikakaa chini kwenye mchanga pale pale, saruji ikanigandia mkononi, nikalia kilio ambacho siku ya msiba wako kiligoma.

Ndaga fijo, asante sana, Mama. Narudi Masukulu na gari la jioni. Nakuahidi bomba la hapa halitatiwa kufuli nikiwa hai, na kamba ya nguo nitaifunga mwenyewe, ndefu, wapangaji waanike watakavyo. Wewe lala. Na kesho asubuhi mwalimu akikusalimia, itikia.

Mwanao,
Tusekile