Lango la Feza na Kaburi la Baba Yake

Lango la Feza limeshika maji, yaya Amisi. Chuma kirefu kupita mulango wa kanisa, amekichora mwenyewe, amekichomelea mwenyewe, na muto ulisimama mbele yake kama watoto waliochelewa masomo. Mutoto wa nani? Wangu.

Sasa nikusalimu, kaka yangu mukubwa. Mugongo wako uko namna gani? Muke wako amepona meno? Huku Wamaza niko muzima, mvua ni nyingi, na majirani wananiita Mama Enjenia. Siwakatazi.

Unakumbuka nilivyofukuzwa hapa, kabla kazi ya Feza haijanirudisha. Mume wangu hakuwa na wiki mbili katika udongo, ndugu yake Kalonda akanikalisha chini mbele ya watu, akatupa sahani zangu nje, akachukua nyumba na shamba. Alisema mwanamuke aliyezaa binti mumoja tu hajaacha mutu. Feza alikuwa ameshika kikwembe changu, kitambaa nilichofunga kiunoni. Leo binti huyo ndiye anajenga lango la baraji, ukuta wa kuzuia muto kwa ajili ya umeme, na maji yake yatafunika shamba lile lote. Sikuomba hivyo, lakini sikulia.

Shida ni kaburi. Mume wangu yuko katikati ya muhogo wa Kalonda, na unajua desturi ya kwao: mujane hagusi mifupa mpaka ndugu wa marehemu apige jembe la kwanza. Feza alikwenda mara tatu kumuomba baba yake mudogo. Mara ya tatu akamujibu mbele ya wafanyakazi: "Si wewe unafunga muto? Funga basi juu ya baba yako." Watu wakacheka. Alisema chuma cha mwanamuke kitaelea kama mutumbwi.

Jumatatu walijaribu lango. Wanaume wanne walizungusha minyororo, likashuka katika mifereji yake, na Feza akapita upande wa chini kutazama kama mipira ya kuziba pembeni inavuja. Haikuvuja hata tone. Maji yakifika kwenye alama nyekundu aliyoipaka, lango liinuliwe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Yakafika. Kalonda alikuwa ng'ambo, bado anacheka. Nikamuambia Feza aache kidogo, maji yafike kwa Kalonda. Akasema, "Mama, sikulichora kwa ajili ya hiyo." Nikamuambia aliyekalishwa chini ni mimi, si yeye. Akaacha yapande.

Maji yaliingia shambani bila kelele. Kalonda akaja mbio, amelowa mpaka kiunoni, anaomba. Nikamukalisha chini kwenye matope, mbele ya wafanyakazi wale wale, nikamuacha hapo mpaka nikatosheka. Feza aligeuza uso, akaamuru lango liinuliwe. Kalonda akakubali yote, kupiga jembe na hata kubeba. Nilifurahi, yaya. Wewe sikufichi.

Maji yalipoondoka kwa nguvu, tukaenda kuona. Mawe ya kaburi hayako. Yamekwenda pamoja na udongo wa juu, na shamba lote limelala sawa kama meza. Kalonda hajui mahali hasa; siku ya mazishi alikuwa Salamabila kwenye machimbo ya zahabu, na aliporudi alionyeshwa mawe tu. Mimi nilikuwa nimefungiwa ndani na wajane. Tangu siku hiyo Feza anakula ninachopika, anashukuru, anarudi kwa karatasi zake. Jana tu ndipo aliposema, "Alama niliipaka mimi mwenyewe, Mama. Mimi ndiye nilipitisha maji."

Wewe ndiye ulichimba kaburi lile. Ulipima hatua kutoka jiwe kubwa la kivuko, na jiwe lile lipo, hakuna maji yanayoweza kulisogeza. Njoo uzihesabu tena. Wakubwa wa kazi wamekataa kungoja zaidi, mvua imezidi. Lango litafungwa kabisa Jumatatu, wiki mbili kutoka ile ya majaribio. Kama mifupa haijatoka, Feza atafunga. Nimemuzaa, namujua.

Nisalimie dada yetu anayeuza mawese, alete shuka nyeupe. Nisalimie katekista aliyemufundisha Feza kusoma. Muambie mwanafunzi wake anasimamisha muto, na kwamba tunahitaji sala yake karibu na shimo. Vijana wako wawili waje na majembe. Mutapanda pikipiki, siku mbili njiani.

Ni mimi mudogo wako, mama yake enjenia. Kalonda ameahidi kungoja na jembe lake kwenye kivuko. Sote tunawangoja Jumamosi, siku mbili kabla ya lango.