Ghorofa Uliyoifungia Jukwaa

Baba Mwajuma,

Salamu nakupa kwa sababu ya adabu tu. Nimekaa kuandika, nimeinuka, nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nimerudi. Majirani hapa Temeke wanadhani nimeingiwa na wazimu.

Unalikumbuka lile shimo mjini, walipobomoa nyumba ya zamani ya Mjerumani? Watu walipita mbali, eti mumiani wanatafuta damu ya kumwaga kwenye msingi. Mie nilikuletea wali na samaki hadi ukingoni, roho mkononi. Ukacheka: "Njoo, mke wangu, humu mna zege tu."

Wewe ndiye uliyefunga jukwaa, boriti kwa kamba, ghorofa baada ya ghorofa. Ulipofika ya sita ulinipungia kofia, nami chini nikajifunika uso kwa kanga nisikuone ukianguka. Jioni nilikukanda mabega kwa mafuta ya nazi, ukinihadithia mji unavyoonekana kutoka juu. Nilikuwa na furaha wakati ule, sikufichi.

Jengo lilipokwisha, mkandarasi akakuchukua Nairobi mkajenge jingine. "Likisimama tu, narudi." Tangu hapo Mwajuma ameota meno, yameng'oka, ameota mengine. Matumizi huleti, salamu huleti. Kila nikisikia hodi moyo unaruka, kumbe jirani anaomba moto.

Juzi sikuweza kukaa tena. Nikaenda ofisini kwa mkandarasi, ndani ya jengo lilelile. Siku hizi limejaa makarani wa bima na wa meli, sakafu inang'aa hata unaogopa kuikanyaga. Bawabu akanipandisha kwa lifti, tumbo likabaki chini. Karani wa mkandarasi hakutaka kuniangalia.

"Mama, fundi wako ameoa huko. Ana mtoto wa pili sasa."

Kuoa si kosa, Baba Mwajuma. Ungeniambia, ningenuna, ningepika, yangekwisha. Lakini kuniacha nining'inie, si mke si mtalaka, hilo nimelikataa. Mama ananiambia subira huvuta heri. Yangu imevuta nini?

Barua hii nampa karani bila kuifunga. Kila atakayeipitisha na aisome. Ukinitaka, njoo. Usiponitaka, talaka ni maneno machache, tuma mtu yeyote ayalete. Ukinyamaza, mwezi ukiandama nakwenda kwa kadhi anifungue.

Kwaheri ya kuonana au ya moja kwa moja, chagua mwenyewe.

Mkeo, mpaka mwezi uandame.